Nilimwambia Akiri

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeikana kwa miaka kumi na mmoja. Nimeikana mbele ya mama yangu, mbele ya wajomba, na mara mbili mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Leo naikubali: mimi ndiye niliyemwambia ndugu yangu Safari akubali shtaka.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, na kwetu Vitengeni shahada ni shahada. Haiulizwi ni ya nini. Niliulizwa kuhusu mbolea, shinikizo la damu na hati za mashamba, nami nikajibu yote. Kuuliza si ujinga, wasemavyo wahenga. Ujinga ulikuwa wangu mimi niliyekuwa nikijibu.

Safari, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwenye matanga ya jirani, utani uligeuka ugomvi. Kijana mwenzake, Charo, alimkaba koo mpaka macho yakamtoka. Safari akapapasa, akashika mguu wa benchi lililovunjika, akampiga nao kichwani. Damu ilikuwa nyingi. Kuna aliyewapigia polisi simu, Charo akapelekwa kushonwa, na Safari akaandikiwa shtaka la kumjeruhi mwenzake.

Kwetu mambo kama hayo yana njia yake. Wazee walikaa. Safari hakutaja kukabwa, kwa kuwa mbele ya wazee anayejitetea sana huonekana hana adabu. Unakiri kwanza, kisha wazee wenyewe, wanaojua kila kitu, wanakupunguzia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Basi alikiri, mbuzi akatolewa, Safari akala na Charo sinia moja, yakaisha. Sisi tuliamini yameisha.

Siku ya mahakama tuliteremka Kilifi pamoja, mshtakiwa na aliyejeruhiwa, tukala mahamri kwenye karatasi moja. Charo, kovu lake bado bichi, ndiye aliyekuwa akituchekesha.

"Ukifungwa nitakuletea sima," alimwambia Safari. "Mboga ujitafutie."

Nje ya chumba cha mahakama Safari alinivuta kando, akaniuliza kama aseme kwamba alikabwa. Hati ya mashtaka ilikuwa mkononi mwangu. Juu kabisa paliandikwa Jamhuri, kisha jina la ndugu yangu; Charo alikuwa chini huko, kwenye orodha ya mashahidi. Mimi niliyeweza kuchambua utenzi mzima nikitafuta maana iliyofichwa, hapo sikuona hata iliyo wazi: kwamba aliyesamehe hakuwa mwenye kesi.

"Usiwe na maneno mengi," nikamwambia. "Sema ni kweli. Hakimu akiona umekiri na mmepatana, ataifuta."

Karani alisoma shtaka polepole, kwa Kiswahili, mara mbili. Nalisema hili kwa sababu kwa miaka yote nimedai kwamba alisoma haraka. Safari akajibu, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio: matanga, mguu wa benchi, nyuzi saba. Koo halikutajwa, maana hakuna aliyewahi kulitaja. Hakimu akauliza kama maelezo hayo nayo ni kweli. Safari akageuka, akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa kumwashiria ndiyo.

Akatiwa hatiani. Hakimu alimsikiliza Charo akisema wamepatana, akapunguza adhabu, lakini hatia haikupungua. Miezi minne ya kuhudumia jamii, kufyeka nyasi kwenye zahanati. Jioni ile tulipika pilau, na mama akanishukuru kwa kumsimamia mwanawe.

Mwaka huohuo Safari alijaribu kuandikwa askari wa msitu. Walitaka hati ya polisi ya mwenendo mwema, akatoa alama za vidole, na hati ikarudi na kesi yake ndani. Mama akauliza ni nani aliyemshauri kijana akubali. Nikasema nilimwambia aseme ukweli, sikumwambia akubali kosa. Tofauti hiyo niliitunga palepale, na kwa kuwa nimesoma niliitunga vizuri. Niliirudia mpaka Safari akaacha kubishana nami.

Basi, mwanangu, ukishtakiwa wewe au mtu wako, shika haya. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Uliyemkosea anaweza kukusamehe kwa moyo wote, na kesi bado ikaendelea. Suluhu ya wazee ni njema, lakini isiishie kwenye sinia. Mwambie mwendesha mashtaka, mwambie hakimu, kabla hujajibu lolote, kwani yapo makosa ambayo mahakama huruhusu yaishe kwa kupatana na yapo ambayo hairuhusu. Usijibu shtaka usilolielewa. Omba lielezwe tena, kwa lugha ya nyumbani kwenu ikibidi, na uombe muda umtafute wakili. Wapo wanaosaidia wasio na uwezo, uliza. Kusema si kweli si utovu wa adabu. Ni kumtaka anayekushtaki athibitishe. Na kama ulikabwa, sema ulikabwa, maana hakimu hakuwepo matangani. Ukishatiwa hatiani, hata adhabu ikiwa ya kufyeka nyasi tu, nyasi huota tena lakini jina lako hubaki pale lilipoandikwa. Wala usimwulize dada mwenye shahada kama mimi.

Mungu akuepushe na kizimba, na akikujaalia kusimama humo, akupe ulimi usio na haraka na mshauri anayejua asichokijua. Nakuombea sasa, kabla sijamaliza, kwa sababu baada ya hili moja lililobaki sina la kuongeza.

Mwezi uliopita Safari alinipigia simu. Shule moja upande wa Magarini ilikuwa imempa kazi ya kuendesha basi la watoto. Alikuwa amekwisha kupimwa shati la sare. Kisha wakaiona ile hati. Walimkatalia kwa upole, akasema, na shati wakamwomba aliache. Nikaanza kumpa pole ndefu, ya kisomi. Akanikatiza.

"Dada, siku ile pale nje, uliniambia nini hasa?"

Jibu langu la miaka kumi na mmoja lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Nilikwambia useme ni kweli. Na hakimu alipouliza, nilikuashiria ndiyo."

Nilisikia kuku uani kwake, na mtu akitwanga.

"Haya," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mimi nisiyekumbuka vizuri."