Gari la Mbao na Usukani wa Baba

Juzi nilirudi Gatitu, na kabla sijamaliza kikombe cha chai Baba akanituma mayai. Nina watoto wawili sasa, lakini kwetu mtu akifika hutumwa, hata awe mkubwa namna gani. Niliinama ndani ya banda la kuku, nikapenyeza mkono kwenye kiota, na badala ya yai nikashika chuma baridi. Ilikuwa springi ya kochi, imepigiliwa kwa misumari miwili iliyopinda. Niliitambua pale pale kwa sababu misumari ile niliipinda mimi. Kumbe kuku wanatagia ndani ya gari letu la mbao, rafiki yangu! Nikabaki nimechuchumaa, mtu mzima mimi, moyo ukidunda vile ulivyodunda nikiwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alizunguka vituo vya upande wa Kiriaini akipakia magunia ya majani mabichi, akayapeleka kiwandani, na jioni lori lililala kwenye kituo cha mafuta karibu na kwetu. Alirudi akinukia dizeli na majani yaliyoanza kunyauka. Saa kumi na mbili jioni, Mama akiwa anakatakata mboga ya sukuma, alifuta mkono kwenye leso na kupunguza sauti ya redio. Hakutuambia kwa nini, na hatukuuliza. Sote tulinyamaza, hata Nyanya, mama yake Baba tuliyemwita Cucu, ambaye kunyamaza hakukuwa kazi yake. Tulisikiliza mpaka lori lisikike likipanda kilima, likibadilisha gia mara mbili pale kwenye kona. Hapo Mama alipandisha redio tena na kuongeza maji ya ugali kwenye sufuria.

Msimu wa mvua ndefu wa mwaka ule, lori liliteleza kwenye mteremko wa udongo likalala ubavu ndani ya shamba la majani. Baba alitoka na mkono uliovunjika. Tanboi wake, msaidizi wake wa lori, hakutoka. Alikuwa mtu wa rika la Baba, wamepakia na kupakua pamoja miaka mingi, na Krismasi alikuwa akila kwetu.

Kwetu, ajali ikiua mtu, jamaa hurudi mahali pale pamoja na wazee wa kanisa. Huimba, huomba, na kama kuna neno la kumwambia marehemu husemwa hapo hapo kando ya barabara. Watu walikwenda. Baba alikataa kuingia kwenye gari, akasema mkono unamuuma.

Mkono ukapona, yeye hakupona. Alikaa nyuma ya jikoni juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akitazama ng'ombe. Hakunyoa ndevu. Ukimwita kula alikuja, ukimwacha hakuja. Mama aliacha kupunguza redio jioni. Aliifungulia mpaka mwisho, mahubiri, matangazo ya vifo, bei za viazi, chochote, na mimi nikaichukia ile kelele kuliko kimya chenyewe.

Halafu kamba ya ng'ombe ikapotea. Mama alisema imeoza, ng'ombe akafungiwa zizini, nami nikapewa kazi ya kumkatia nyasi. Wiki moja baadaye nilitumwa unga, nikachota chini kabisa ya pipa, nikaikuta kamba imekunjwa vizuri na haijaoza popote. Nilitazama dirishani nikamwona Baba kwenye kreti yake. Nikaelewa kwa nini Mama ameificha. Niliirudisha chini ya unga, nikausawazisha kwa kiganja, na kuanzia siku hiyo kila nikitoka shule nilikimbia njia nzima. Nikifika nilizunguka nyuma ya jikoni kwanza, kabla hata ya kuweka mfuko chini.

Wakati huohuo baba mdogo, ndugu yake Baba, alirudi nyumbani baada ya saiba, duka la intaneti alikokuwa akifanya kazi mjini Nyeri, kufungwa. Alikuja na kompyuta moja, ile ya kioo chenye kisogo kikubwa, akaiweka kwenye chumba chake cha mbao uani. Ilikuwa na mchezo wa mashindano ya magari. Jumamosi moja nilikuwa nacheza kwa kubonyeza vitufe, gari langu linagonga kila ukuta, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo kona, shika gia ndogo kwanza."

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni. Alitazama kioo kidogo kisha akarudi kwenye kreti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi aseme kitu bila kuulizwa.

Nilimwambia baba mdogo tumtengenezee mahali pa kukaa, kiti, usukani na pedali, aendeshe humo ndani ambamo hakuna mtu wa kufa. Baba mdogo alikuwa mtu wa kuanza. Sungura wake walikuwa na nyumba isiyo na mlango, na tangi lake la maji halikuwahi kuona bomba. Lakini siku ile alinitazama sana, nadhani naye alikuwa amekuta kitu fulani kimefichwa mahali, akachukua msumeno bila kunitania.

Mbao tulizipata kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, mabanzi ya saiprasi, yale ya pembeni yenye maganda ambayo watu huchukua kuwa kuni. Tuliyapiga randa mpaka chumba kikanukia utomvu. Pedali zilikuwa vipande vitatu vya mbao vyenye bawaba, na chini ya kila kimoja springi kutoka kochi la zamani. Joistiki kuukuu ya saiba, fimbo ya kuchezea michezo, tuliifungua, kizungusho chake tukakiunganisha na bomba la usukani kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ukizungusha bomba na gari kwenye kioo linageuka. Mimi nilikuwa mshika misumari, na vidole vyangu vilijua hivyo.

Kilichobaki ni kipimo cha kiti. Adhuhuri moja Baba alikuwa amesinzia kwenye nyasi, amejinyoosha kwenye jua. Nikachukua uzi wa sweta, nikauweka unyayoni mwake, nikauvuta polepole hadi gotini, nikapiga fundo, nikaendelea hadi nyongani. Sikuwa nimemwona Nyanya. Alinidaka mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanivuta hadi jikoni.

"Wewe, umeona wapi mtu akipimwa akiwa amelala?" alininong'oneza. "Mtu hupimwa hivyo akishakufa. Ni fundi wa sanduku hufanya hivyo."

Akautupa uzi motoni. Ulijikunja, ukanuka manyoya yaliyoungua, na mimi nikasimama pale nikiamini kwamba nimempimia baba yangu jeneza. Nilikuwa nimeona kamba, sasa na kipimo nimechukua kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumpima tena. Kiti tulikipigilia kwa kukisia.

Usukani ndio uliokuwa kosa langu kubwa. Lori lile bovu lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa mafundi wa magari, na watoto wa shule tulilipita kwa hofu, upande wa pili wa barabara. Mimi niliona usukani wa Baba ni mali ya Baba. Tulimwendea fundi. Akaniuliza mimi, si baba mdogo, kama ni Baba ametutuma, nami nikamtazama usoni nikasema ndiyo. Usukani alioung'oa ulikuwa mkubwa kuliko kifua changu, umezungushiwa vipande vyeusi vya tyubu ili usiteleze mikono ikiwa na maji. Vipande vile vilikatwa na yule tanboi, siku moja ya mvua wakisubiri majani yapimwe. Baba alitusimulia mwenyewe zamani, alipokuwa bado anasimulia.

Nyanya alituona tukiingia nao uani. Alikuja hadi kizingitini, akakataa kuvuka.

"Hiyo imetoka kwa ile lori?"

"Ee, Cucu."

"Na nani ameiombea?"

Nyanya akavuta shali yake.

"Basi mmemleta yule mtu kwa boma yangu, na hamjui kama amekuja na amani."

Akatoka kinyumenyume. Baba mdogo alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Alikaza skrubu za mwisho akiwa amesimama mbali nao kadiri mikono yake ilivyofika.

Siku ya pili, saa kumi alasiri, nilimfuata Baba kwenye kreti. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikamwambia tu kwamba kuna kitu. Alinifuata chumbani, baba mdogo akiwa humo, akaona mbao, akaona pedali, halafu akauona usukani. Uso ulimbadilika rangi, jasho likamtoka juu ya mdomo, na nikasikia pumzi yake ikikatika. Nilijua nimemuua. Nilitazama mlango nikitaka kumwita Mama.

Baba akainama akaingia kwenye kiti. Magoti yakagonga ubao. Akajisogeza, yakagonga tena.

"Hii kiti iko karibu sana," akasema. "Nani alipima?"

"Cucu alichoma uzi," nikasema, na hapo nikaanza kulia.

Hakuuliza uzi gani. Alitoka kwenye kiti, akaomba nyundo. Aling'oa misumari yangu mmoja mmoja, akaipanga kwenye ukingo wa dirisha kwa mpangilio kama mtu atakayeihitaji, akakisukuma kiti nyuma, akakaa, akapiga mguu kwenye klachi ya mbao, akatoka, akakipigilia. Mkono ule uliovunjika ndio ulioshika nyundo. Kisha akaingia tena na kushika usukani juu ya vile vipande vya tyubu, akasema aanzishiwe.

Sijawahi kuona mashindano ya namna ile. Magari mengine yalimpita kwa kishindo, naye akaenda taratibu katikati ya barabara yake, akipunguza mwendo kabla ya kila kona, akitazama pembeni mahali ambapo kungekuwa na kioo cha lori. Alikuwa wa mwisho tangu mwanzo. Mchezo ukamwandikia kwamba muda umekwisha, na mikono yake ikabaki juu ya usukani.

"Aliniambia tungoje mvua iishe," Baba akasema. "Nikamwambia tutafika tu."

Baba mdogo alikuwa akitazama sakafu. Ni Nyanya aliyesogea, kumbe alikuwa nje ya mlango muda wote. Alivuka kizingiti alichokikataa jana yake, akaweka mkono juu ya bega la mwanawe.

"Hiyo usituambie sisi," akasema. "Kesho utaenda umwambie yeye, pale alipoanguka."

Akaenda. Mama alikwenda naye, na wazee wawili wa kanisa, na mke wa yule tanboi. Sikupelekwa, kwa hiyo sijui kilichosemwa kando ya shamba lile. Najua tu kwamba Baba alirudi akiwa na matope hadi magotini, akaomba maji ya kunyolea. Jumapili iliyofuata niliikuta kamba ya ng'ombe shingoni mwa ng'ombe, na unga bado umeshika kwenye nyuzi zake.

Miezi michache baadaye akapewa lori lingine. Watu walinisifu, ati mtoto wa kike ametengeneza gari likamrudisha babake kazini. Nilitabasamu kama nilivyotakiwa. Lakini jioni ya siku ile ya kwanza, saa kumi na mbili, Mama alifuta mkono kwenye leso akapunguza redio. Sasa nilijua tunasikiliza nini. Na safari hii, lisiposikika lori, kosa lingekuwa langu, kwa sababu ni mimi niliyemtoa kwenye kreti nikamrudisha barabarani. Miaka kumi na mmoja nilibeba hofu hiyo. Hata nilipokwenda chuoni, hata nilipoolewa, ikifika saa hiyo nilitafuta redio iliyo karibu nikaipunguza, na watu wakadhani kichwa kinaniuma.

Hakupata ajali nyingine. Macho ndiyo yaliyomshusha, akarudisha ufunguo mwenyewe bila kusukumwa. Mengi yamekwenda tangu hapo. Nyanya hayupo. Baba mdogo yuko Kutus, anaanza mambo mengine. Kompyuta ilikufa kwa radi, usukani sijui uliishia wapi, na kile kiti alichokisogeza Baba na pedali zake vimebaki kwa kuku. Mama tulimzika mwaka juzi. Jikoni kwake sasa ni mimi na Baba tu nikija, naye hukaa karibu na moto, ndevu zimenyolewa vizuri.

Nilimletea mayai manne. Nikaanza kukatakata sukuma, redio ikiendelea, na mwanga wa dirishani ukapungua. Bila kufikiri nikafuta mkono kwenye leso, nikapunguza sauti.

"Mbona unapunguza redio?" Baba akauliza.

Nikatambua kwamba hajui. Atajuaje? Jioni zote hizo, miaka yote hiyo, sisi tukiwa tumenyamaza jikoni, yeye alikuwa ndani ya lori.

"Ni Mama," nikasema. "Alikuwa akipunguza saa hii. Kila siku. Tusikie kama umefika kwa kona."

Baba aliangalia moto, akaiangalia redio, mkono wake ukitafuta kitu juu ya goti. Halafu akainuka, akaizima kabisa, akakaa. Tukasikiliza.