Mwenye Chaki Hamaliziwi

"Kak Nik, mvi zote hizo kichwani na bado unakwenda kusomeshwa kujumlisha?" Mek Limoh, jirani yake muuza budu, ule mchuzi wa samaki, alimuuliza hivyo uani siku moja, mikono yake ikinuka samaki waliochacha.

"Nakwenda kujua kwa nini jumla inakuja vile inavyokuja."

"Na risasi nazo zinakuja vile zinavyokuja. Kaa nyumbani, dada."

Haukuwa utani mtupu. Mwaka ule wa uasi, huku kwetu Pattani, kusini mwa Thailand, roho ya mwalimu ilikuwa rahisi kuliko ya kuku. Mkuu wa shule aliyofundisha Kak Nik alipigwa risasi kwenye njia ya mashamba ya mpira. Pikipiki ikamlalia na kumuunguza mguu, naye maiti tayari. Darasa la wadogo likachomwa moto. Kisha kikatupwa kikaratasi langoni: Anayewafundisha walimu atakufa.

Aliyesemwa alijulikana. Ni Ajan Thawat, mhadhiri wa hesabu, Mbudha wa mjini, aliyekuja kila Jumamosi kukaa na kikundi cha walimu wa shule za msingi. Lakini waliokiandika hawakujua desturi ya kikundi kile. Mle darasani mhadhiri hakusimama mbele. Kila wiki mwalimu mmoja alishika chaki akawaongoza wote, na Ajan akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, akiuliza maswali kama mwanafunzi mtukutu. Sheria yao ilikuwa moja tu: mwenye chaki hamaliziwi. Hata akikwama, anangojewa.

Jumamosi ile chaki ilikuwa ya Kak Nik. Alichora nukta moja ubaoni, akaizungushia tatu pembeni, kisha tano. Kila mara ukatoka mraba.

"Na ikija siku ukakataa kutoka?" Ajan akauliza.

"Tulia, mtoto mbishi wewe. Nazungusha saba, ujionee."

Mlango ukapigwa teke. Waliingia wawili, vitambaa usoni, bunduki mikononi.

"Nani hapa anawafundisha walimu?"

Kak Nik, chaki vidoleni, akasema lililo kweli. "Leo ni mimi."

"Siyo! Ni mimi!" Ajan alikurupuka, kile kiti kidogo kikamng'ang'ania kiunoni. Kitako cha bunduki kikamvunja taya, meno yakatapakaa sakafuni. Yule wa pili akafyatua. Risasi zilimsaga Kak Nik mkono wa kulia, nyingine zikautoboa ubao. Damu iliruka mpaka kwenye nukta. Hafsoh, mwalimu mwenzake, akavua mtandio akaukaza juu ya jeraha, huku akimsomea shahada sikioni, maana alijua anakwenda.

Mwenyezi Mungu hakumchukua. Mkono ndio uliokwenda. Hospitali waliukata karibu na bega.

Watu wakasema amejitoa mhanga kwa ajili ya mgeni. Maneno hayo yalimuudhi. "Niliulizwa swali, nikalijibu," alisema.

Mumewe, Abang Deng, aliishushia shoka pikipiki ya mkewe mpaka taa na usukani vikaruka. "Sasa uone utakwenda na nini!" Alikuwa akifoka na kulia kwa pamoja. Ajan alipokuja nyumbani kumjulia hali mgonjwa, taya limefungwa waya, Deng alimkaba koo akambamiza ukutani.

"Wewe ulikaa, mke wangu akasimama! Mwanamume gani wewe?"

Ajan hakuinua mkono. Alisema kwa shida, meno yamebana, kwamba kikundi kimekwisha, hatamleta mtu tena kwenye kifo.

"Mwachie, Abang," Kak Nik akasema kutoka kitandani. Deng akaachia. "Ajan, ule mraba mmeufuta?"

"Upo. Una matundu mawili."

"Hayo siyo yangu. Msiyahesabu."

Mek Limoh, aliyeleta wali na kubaki mlangoni, alicheka pasipo kutaka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ukutani, karibu na mto, palikuwa na nukta za mkaa, zimepindapinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Deng alikuwa ameziona tangu juzi, akajifanya hakuziona. Sasa aliziangalia.

Kak Nik akawatazama wote wawili, akasema:

"Abang, tengeneza pikipiki, unipeleke Jumamosi. Na wewe Ajan, ukae kwenye kiti chako kile kile. Nitaandika kwa kushoto, nitachelewa. Usinimalizie."