Mruko Mdogo wa Kocha

Mimi ni kocha wa kasi na wepesi. Ukikiona hiki kitambi, cheka tu, nimeshazoea. Wachezaji wa tenisi huletwa kwangu wajifunze kukimbia, nami huwafundisha nikiwa nimekalia ndoo ya mipira, filimbi mdomoni. Wimbo wangu ni mmoja: mpinzani anapotaka kupiga, ruka kidogo, tua kwa vidole vya miguu, kunja magoti, ndipo uufuate mpira. Asiyeruka namfokea mpaka sauti inanikauka.

Jana jikoni, mke wangu alikuwa anaosha vyombo, bakuli lake la kioo likamponyoka. Mwili wangu, maskini, ukakumbuka kazi. Nikaruka kidogo, nikatua kwa vidole, magoti nimeyakunja, mikono mbele, macho kama mwewe. Mkao safi kabisa! Laiti wale wavivu wangu wangeniona.

Bakuli lilivunjika nikiwa bado hewani.

Mke wangu alinitazama kuanzia vidoleni, akapanda taratibu, akaishia kwenye kitambi.

“Baba watoto,” akasema, “maadamu umeshajiandaa hivyo, kimbia basi ukalete ufagio.”