Siku Hoteli ya Hori Ilipotufungulia Mlango

Sisi tuliokulia mtaa wa Darsait, huku Uarabuni, zama zile, kila mtoto akiwa na mama watano wa kumgombeza, tulikuwa na jumba moja tukilitazama kwa mbali kama kasri. Likiitwa Hoteli ya Hori, maana lilijengwa ukingoni mwa hori la bahari lenye maji yaliyotulia kama ya ziwa. Kiangazi lilikuwa kimya, nusu ya vyumba vimefungwa kwa joto. Baridi ikiingia, Wazungu waliokimbia theluji kwao wakija na makofia yao mapana, wakakaa hata miezi miwili. Tukiwaita wageni wa baridi, na tukiwacheka, kwa sababu wao walikuwa wakiogelea siku zile zile ambazo sisi tulivalishwa masweta mawili kwenda skuli.

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa msimamizi wa mashuka pale. Tulikuwa tumetoka Unguja miaka michache tu nyuma, Kiarabu chetu cha kubabaisha, skuli tukichekwa kila tukifungua mdomo. Mama alipata kazi kwa Kiingereza alichosomea Unguja. Akirudi alasiri, nguo zinanukia pasi, tunamzunguka atuhadithie: taa kubwa ya vioo iliyofutwa kipande kimoja kimoja, ngazi yenye zulia jekundu, bibi wa Kizungu aliyelalia mito minne. Tulimwomba kila siku atupeleke. Jibu lake lilikuwa moja: "Pale mimi nnafanya kazi, sitembei."

Basi tukarudi kwenye michezo yetu ya nage na mdako, mpaka asubuhi ile ya mvua.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa kazini bandarini Mutrah, mama yuko hotelini, na mimi na ndugu zangu wawili tulikuwa kwa jirani yetu, Khalati Raya. Mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri, kisha wadi, korongo lililokaa kavu mwaka mzima, likashuka na mafuriko. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliingia mlangoni, yakabeba viatu, sufuria, na magodoro. Khalati Raya alitupandisha juu ya paa pamoja na wanawe. Mapaa ya jirani nayo yalijaa watoto, wengi wao wa wapishi, wafagiaji na watunza bustani wa hoteli. Mvua ilipopungua, maji mtaani yalikuwa bado yanafika magotini, na chini hapakuwa na pahala pakavu pa kukaa.

Yaliyotokea hotelini nilihadithiwa baadaye na Ami Khamis, dereva wa basi la wageni. Habari zilifika kwa simu. Mama akaenda kwa meneja, Mzungu mmoja mrefu, mpole lakini mwoga wa mabosi wake, akamwomba basi.

"Basi ni la wageni," meneja akasema. "Na ukumbi una chai saa kumi."

"Wageni wana vyumba vyao," mama akamjibu. "Watoto wetu wako juu ya mapaa."

Meneja akamwambia arudi kazini kama bado anaitaka kazi. Mama hakubishana. Alifungua funguo za stoo kiunoni, akaziweka juu ya meza ya meneja, akatoka na mtandio wake kichwani kuja Darsait kwa miguu. Ami Khamis alipomwona anavuka uwanja peke yake kwenye manyunyu, akapanda ndani ya basi, akaliwasha. Wapishi wawili wakavua aproni wakamfuata. Kisha madobi.

Meneja alisimama mlangoni akiwatazama. Mwisho akatoka mbio, akalowa, akamfikia mama. Akampa zile funguo. "Nendeni na basi," akasema. "Waleteni wote. Mashuka utayahitaji."

Basi lilisimama barabara ya juu, na wapishi wakatushika mikono mmoja mmoja kwenye maji. Mama alinikumbatia. Tukaingia Hoteli ya Hori kwa mlango mkubwa, miguu matope, na mimi nikakataa kukanyaga lile zulia. Mama akapiga magoti mbele ya watu wote, akanifuta miguu kwa taulo jeupe. Yule bibi wa mito minne alishuka ngazi taratibu, amekumbatia mito yake yote, akawagawia wadogo.

Jikoni mama na wenziwe walikaanga mahamri ya iliki, na wageni wa baridi wakapanga foleni nyuma yetu, sahani mkononi. Tulikaa siku tatu. Mdogo wangu aliteleza kwenye mkono wa ngazi mpaka suruali ikatoboka. Miaka yote iliyofuata, kila baridi, mahamri yalikuwa kwenye meza ya asubuhi ya hoteli ile, na mama alidumu na kazi yake hadi alipostaafu.

Hoteli imefungwa sasa, imezungushiwa uzio. Nimeipita miaka mingi nikienda kazini Al Khuwair. Uzeeni mwake nilimuuliza mama kama aliogopa siku ile. "Sana," akasema. "Nlikuwa na watoto watatu na kazi moja." Mungu amrehemu. Na huyo meneja, popote alipo, nnamwombea kheri pia, kwa sababu kurudi nyuma mbele ya watu nako kunataka moyo.

Leo nnaishi Al Amerat, nyumba kubwa, alhamdulillahi. Mvua ikikaribia, simu zinatuonya mapema, na sitaki turudi kwenye mapaa. Wajukuu zangu hawaogopi wadi; wanaogopa mtandao kukatika, na ukikatika dakika tano utadhani wamefiwa. Lakini zamani nilijua kila paa lina nani.

Mvua ya mwaka huu ilipoanza, niliona gari la jirani halipo, na taa ndani inawaka. Nikajitanda kanga, nikaenda kugonga. Alifungua mama kijana, mtoto begani, akanitazama kwa mshangao. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka sita. Nikamwambia jina langu, naye akaniambia lake.