Shilingi Yenye Chale

Saa tatu asubuhi, mwaka 1968. Leonia Namkwanda, muuza vitumbua wa Masasi, anaweka shilingi hamsini za sarafu mbele ya karani wa benki. Karatasi ya bunda imefunguliwa na kufungwa upya kwa uzi.

"Shikamoo, Mama Justa. Umeikosa tena?" anauliza karani Rogath, mwenyeji wa Kilimanjaro.

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja kushukuru tu."

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumamosi, Leonia alichukua akiba yake yote, faida ya shilingi mbili kwa siku, akaibadili kuwa bunda la sarafu. Nyumbani aligonga moja moja kwenye jiwe la kusagia. Mpya hulia kavu. Za zamani, zenye fedha ndani yake, mlio wake huvuta. Hizo alizigeuza, akamtazama mfalme shavuni. Jumatatu alirudisha zote.

Alitafuta shilingi moja tu. Marehemu mama yake alikuwa fundi wa kuchanja chale. Alipopata ujira wa kwanza, alijaribia kisu kipya juu ya sarafu, akamchanja mfalme wa Waingereza chale za Kimakonde.

"Alisema, maadamu anakaa kwetu, naye apendeze," anacheka Leonia.

Leonia aliirithi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Msimu wa korosho, wateja wakiwa wengi, akafunga na chenji kwenye pindo lile lile. "Nikamrudishia mtu chenji, kumbe nimempa na mama yangu. Nililia, sikufichi."

Serikali ilipotangaza kwamba sarafu za zamani zitaondolewa, hofu ilizidi.

"Wenzangu waliuliza kama huyu mama ana kichaa," anasema Rogath. "Nikawaambia hana, nikaendelea kumbadilishia."

Wiki iliyopita Leonia alimsimulia mteja wake Anastasia, Mmakonde aliyekimbia vita Msumbiji na sasa anapalilia mashamba ya watu. Anastasia akafungua fundo la kanga yake. Shilingi ilikuwa humo.

"Nililipwa nayo ujira," anasema Anastasia. "Nililala njaa mara mbili, sikuitumia. Ina uso wa nyumbani."

Leonia alimpa shilingi kumi. Anastasia alikataa, akaomba afundishwe kupika vitumbua. Sasa wanapika pamoja.

Na shilingi? Leonia anasema atakaa nayo mpaka vita viishe, kisha Anastasia ataondoka nayo.

"Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akafa anapataja kwao," anasema. "Nimeshamwona, nashukuru. Sasa na arudi."