Pete Kwenye Bampa la Gari la Baba

Siku tuliyokwenda kumwondolea baba gari kwa sababu haoni, ni yeye aliyeliona tundu ambalo sisi watatu wenye macho mazima tulilitafuta mpaka tukachoka.

Nisikilizeni kwanza. Matusi mtanitukana baadaye, nimeshazoea.

Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu. Gari lake ni kuukuu, mlango wa nyuma mpaka uubembeleze ndio ufunguke. Lakini ndilo linalompeleka sokoni, misibani na kwa wenzake wa drafti. Bila gari lile, baba ni mtu wa kukaa ndani akisubiri tumkumbuke. Na sisi kumkumbuka ni mpaka tukumbushwe.

Mimi ni kitinda mimba. Siku moja mchana baba amelala, nikachukua ufunguo kimyakimya. Nilitaka tu kuonekana nalo kazini.

Pale ghalani ninapofanya kazi nikaliingiza kwenye nguzo. Bampa likabonyea.

Nikarudi, nikaliegesha pua ikiwa karibu na geti, nikajikausha.

Asubuhi baba akapaona pale palipobonyea. "Hapa pamefanya nini?"

Nami, bila hata kumeza mate: "Baba, si jana uligusa geti wakati unaingia? Hukusikia?"

Akanitazama kidogo.

"Inawezekana," akasema. "Macho yenyewe haya."

Kaka mkubwa aliposikia, akaitisha kikao. Akasema leo geti, kesho mtoto wa watu. Ikapitishwa gari liuzwe. Baba hakubisha, na mimi nikatikisa kichwa pamoja na wengine kama mtu mwenye busara zake.

Mnunuzi akaja na pikapu. Gari lilikuwa limekaa mpaka betri imekufa, kwa hiyo lilikuwa la kuvutwa. Magari yale hufungi kamba popote tu. Kuna chuma kina pete kichwani na meno ya skrubu mkiani, kinakaa kwenye buti pamoja na jeki. Unakikaza mbele kwenye bampa, ndipo unapitisha kamba.

Chuma tulikipata. Tundu lake sasa.

Mnunuzi akapapasa, kaka akainama, mimi nikalala chini kabisa. Wapi.

"Sogeeni kushoto, chini ya taa," baba akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani. "Kuna kifuniko kidogo, kimejaa tope. Kibandueni kwa bisibisi, lakini izungushieni kitambaa msije mkakivunja."

Kilikuwa pale pale, kidogo kama kifungo cha koti.

Kaka akacheka. "Mzee analikumbuka gari lake."

Anakumbuka. Kuona, kaka hakukutaja. Mimi masikio yakaanza kupata moto.

Nikaingiza chuma, nikazungusha. Kikagoma. Nikaongeza nguvu.

"Acha, utaua meno," baba akasema pale pale alipokaa. "Umekiingiza upande. Na hapo katikati kuna kutu, ifute."

Nikakichomoa. Kutu ilikuwepo, ukubwa wa ukucha.

Hapo roho ikaniuma hasa. Mtu anayeona kutu ya ukubwa ule kutoka barazani, ndiye niliyemwambia hakuliona geti.

Baba akainuka, akaja na kichupa cha mafuta ya cherehani. Akadondoshea kwenye meno ya chuma, akakizungusha kwa vidole, polepole, mpaka kikakaa sawa.

"Unaanza na mkono," akaniambia. "Mkono ukishindwa, ndio unashika spana. Kaza mpaka meno yaingie yote. Yakibaki nje, wakivuta chuma kitachomoka kiumize mtu."

Nikapitisha spana ya magurudumu kwenye ile pete, nikakaza. Hebu fikiria, mtu anakuelekeza vizuri kabisa namna ya kumwondolea gari lake.

Kaka na mnunuzi walikuwa kwenye pikapu wanafungua kamba. Baba akachuchumaa kando yangu, akaweka kidole pale palipobonyea.

"Geti letu lina rangi gani?"

"Kijani, baba."

"Na hii?"

Chini ya kidole chake kulikuwa na mstari wa rangi ya njano. Nguzo za ghalani kwetu zote ni za njano. Lile tope lililofunika mpaka kifuniko, nililipaka mimi.

"Niliiona asubuhi ile ile," akasema taratibu. "Kabla hujaipaka tope."

"Sasa baba, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Nikajua kwenye kikao utasema, hukusema. Nikasema labda leo. Nilitaka kuona mwanangu utaniacha nifike wapi."

Baba amewahi kunichapa nikiwa mdogo, na amewahi kunifukuza nyumbani. Yote hayo hayafiki hapo. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na spana yangu.

Kaka akaja na kamba. "Tayari?"

"Bado," nikasema. Nikayamwaga yote mbele ya mnunuzi, machozi na kamasi vinashindana.

Kaka akakunja kamba, akamrudishia mnunuzi. Pikapu ikaondoka tupu.

Nikashika spana nikifungue kile chuma. Baba akanishika mkono.

"Kiache hapo hapo."

Nilinunua betri mpya, na mpaka leo baba anaendesha gari na pete imetokeza mbele. Watu wakimuuliza mzee, hiyo vipi, anacheka: "Muulizeni kitinda mimba wangu." Mimi naangalia viatu.

Ufunguo siku hizi anauacha mezani, mahali pa wazi kabisa. Sijaugusa tena.

Nililojifunza ni hili. Mzazi akikubali uongo wako, usijipongeze kwamba umemzidi akili. Huenda anakupa tu muda wa kusema ukweli mwenyewe. Mimi nilipewa muda mrefu, na nikautumia kumfungia baba yangu kamba.