Jirani Aliyekimbia Isale

Niliolewa mgongo wa pili wa mlima, ng'ambo ya korongo. Kutoka uani kwa mume wangu niliuona moshi wa jiko la mama yangu, lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena, karibu nusu siku. Kilele cha Kibo kilikuwa chetu sote. Mawenzi waliiona vizuri zaidi watu wa kwa mume wangu, wakajisifu kama waliichonga.

Kwetu nilikozaliwa, maji ya mfereji asubuhi ni ya watu wa juu. Basi mimi, bibi arusi wa wiki mbili, nikaamka mapema, nikaziba mfereji kwa magome ya mgomba na kumwagilia kahawa huku naimba. Kumbe mgongo huu asubuhi ni ya watu wa chini! Jirani yetu wa chini, mama mjane mwenye ulimi, maharage yake yakakauka. Akashtaki kwa mzee wa mfereji. Tukafungiwa maji mpaka mama yule anisamehe.

Niligoma kwenda. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Lakini siku ya nne migomba ikakunja majani, na mama mkwe akanikatia jani la isale.

"Mpelekee. Akilishika tu, amesamehe. Isale halikataliwi."

Jirani akaniona na jani mkononi. Akatupa jembe, akakimbia! Mtu mzima, kanga inapepea, anazunguka zizi la ng'ombe, mimi nyuma yake.

"Shikamoo, mama!"

"Sitaki shikamoo yako! Rudi ng'ambo na jani lako!"

"Simama basi, ndugu yangu!" Uhuru tulikuwa tumeupata juzi tu, kila mtu alikuwa ndugu.

"Undugu na mwizi wa maji? Mimi?"

Mzunguko wa tatu nikageuza, nikamngoja upande wa pili. Akanivaa kifuani, mikono mbele, jani likabaki kiganjani mwake. Akalitazama. Akanitazama. Akaketi palepale kwenye samadi, akacheka mpaka machozi.

"Umenishikisha, mjanja wewe."

"Nimekushikisha, mama."

"Haya. Lakini kesho unakuja kunipandia maharage mengine. Na uje na jembe lako, langu hulishiki."

Jioni ileile mzee wa mfereji akatufungulia. Niliyafuata maji peku, matope yakinipanda mpaka magotini, hadi shina la mwisho la kahawa. Asubuhi nikashuka na jembe. Maji yalikuwa yamefika kwake kabla yangu.